Nyuzi Alizoziona Fundi Zakaria

Nyinyi vijana mnaojifunza kushona huwa mnaniuliza jambo moja tu: namna ya kukata suti ya mtu mnene isimvute tumboni. Nitawaambia. Lakini kwanza mtanisikiliza juu ya tumbo lenyewe, kwa sababu kazi yetu ni ya kukaa chini na kukaza macho, na mimi nimeona tumbo likimla mtu macho. Msicheke. Nimesema nimeona.

Shule niliiacha kabla sijafika kwenye hesabu za kugawanya. Hesabu nilizo nazo ni za futi ya kupimia, na hizo zimenitosha kujenga nyumba ya mawe na kusomesha watoto ambao leo wananisahihisha Kiswahili. Kwa hivyo msitafute hapa maneno makubwa ya hospitali. Ya daktari nitayasema vile alivyoyasema mbele yangu, na mengine niliyaulizia baadaye, hapa na pale, mpaka yakanikaa kichwani.

Kwenye miaka ya hamsini nilikuwa mtu mzima mwenye mke, nikikamua ng'ombe wa mzungu mmoja upande wa Njoro. Baridi ya alfajiri ilinichosha mifupa, nikaja Nakuru kutafuta kazi ya kufanyia chini ya paa. Zakaria alikuwa fundi anayejulikana. Cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya duka la vitambaa la Mhindi, karibu na soko, pale vumbi la ziwani lilipokuja kutusalimu kila saa nane mchana. Nilimwambia sijui kushona. Akaniambia nimwonyeshe mikono. Akaigeuza, akaifinya vidole kama mtu anayenunua kuku.

“Mikono ya kukamua ina subira,” akasema. “Keti.”

Tangu siku hiyo hakuniita Erasto tena. Aliniita mtu wa maziwa, mbele ya wateja na mbele ya mke wangu.

Sasa sikieni ufundi. Mtu mnene akiona futi inamjia kiunoni, anavuta tumbo ndani. Si kwamba anataka kukudanganya, ni mwili tu unajifanya mdogo. Ukimpima hivyo, suruali itamkaa vizuri mpaka atakapopumua. Zakaria alinifundisha kumuuliza mtu habari za ng'ombe wake, au za wakwe zake, ambazo ni nzuri zaidi kwa sababu mtu hawezi kuzieleza kwa kifupi. Akianza kueleza, tumbo linarudi mahali pake, na hapo ndipo unafunga futi. Ile namba usiitaje kwa sauti. Iandike kwa chaki mezani. Halafu koti lake liongeze urefu upande wa mbele, la sivyo litapanda juu kama pazia linalovutwa, na mtu ataonekana amevaa la mdogo wake.

Jambo la mwisho alilitilia mkazo sana. Nyuma ya suruali, kwenye mshono wa katikati, uache kitambaa cha ziada kimekunjwa ndani. Mafundi wote huacha. Lakini Zakaria alikipa jina lake mwenyewe, akakiita nafasi ya baraka. Mteja akirudi baada ya mavuno, suruali imembana, unafungua mshono, unamwachilia upana wa vidole viwili, naye anatoka kifua mbele. Siku zile mtu akikutana nawe akakwambia umepata mwili, alikuwa amekusalimu vizuri sana. “Nakuru imekukubali,” watu waliambiana. Mwembamba alionewa huruma, na mke wake alisengenywa.

Zakaria mwenyewe Nakuru ilikuwa imemkubali kupita kiasi. Alikaa kwenye kigoda kutoka asubuhi hadi jioni. Chai ililetwa kutoka hotelini kwenye kikombe kikubwa, na sukari aliitia mpaka kijiko kikasita. Wateja wa Molo na Njoro walimletea mkia wa kondoo ukiwa na mafuta yake, na maziwa yenye krimu, kwa sababu walimpenda. Jioni mimi ndiye niliyempeleka nyumbani kwake mtaa wa Bondeni kwa baiskeli, yeye kwenye keria, na gurudumu la nyuma limelala kabisa. Watu wa njiani walitupisha kama wanapisha maiti. Mke wake, Mama Dorika, alimpokea mlangoni kwa chapati na nyama. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mcheshi. Alipenda kusema kwamba yeye hana haja ya kunenepa, mume wake amenenepa kwa niaba ya nyumba nzima.

Suruali za fundi nilizifungua mimi. Nilizifungua mpaka nafasi ya baraka ikaisha, nikaanza kutia vipande vya kitambaa pembeni. Hakuna aliyeona ubaya. Alianza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka juani, na kwenda haja ndogo kila mara nyuma ya duka, na sisimizi weusi wakawa wanakusanyika pale alipokojoa. Yeye akafanya mzaha, akasema hata wadudu wanajua mkojo wa tajiri. Tukacheka wote. Nawaambia hivi mjue: siku hizi mtoto wa shule anajua kwamba huo ni ugonjwa wa sukari. Sisi tulicheka.

Halafu zikaja nyuzi.

Tulikuwa tunashona kanzu nyeupe za kwaya ya kanisa. Kazi nyeupe haina msamaha, kila uzi unaonekana. Mimi nilikuwa ninakata ncha za nyuzi na kumpa yeye akague. Akaanza kupangusa kanzu kwa kiganja. Akapangusa, akatazama, akapangusa tena, halafu akanirushia.

“Mtu wa maziwa, umeniachia nyuzi nyeusi kwenye nguo ya Mungu.”

Niliitazama sikuona hata moja. Nikadhani anaona vizuri kuliko mimi, maana alikuwa fundi na mimi ni mtu wa juzi. Nikaipangusa nikamrudishia. Kesho yake ni hivyo hivyo. Kwa siku kadhaa alinigombeza. Alibadilisha uzi, akalaumu chaki, akalaumu koti jeusi lililoning'inia karibu, akaniamuru kufagia veranda na kuvua sweta langu la sufu kwamba linanyonyoka. Fundi mwingine yeyote angefanya vivyo hivyo, na hata nyinyi mngefanya. Mkulima akiona madoa mbele ya macho atasema ni nzi. Sisi maisha yetu ni nyuzi, kwa hivyo tukiona uzi tunaupangusa.

Mchana mmoja aliinua kichwa kupumzisha shingo, akatazama mlima Menengai kule juu ya mji. Anga lilikuwa safi, halina wingu. Mkono wake ukapanda polepole, ukapangusa hewa mbele ya uso.

“Erasto,” akasema. Ndipo nikajua kuna jambo. “Nyuzi ziko mbinguni.”

Alifumba jicho la kulia, akafungua, akafumba la kushoto. Kwa la kulia mlima ulikuwa safi. Kwa la kushoto ulikuwa na nyuzi, na ilipofika jioni zilikuwa zimeungana zikawa kama masizi ya taa yanayoshuka ndani ya chupa. Wiki hiyo jicho la kushoto likaziba. Hakulia wala hakuumwa, na hilo ndilo lililomshangaza. Alisema kitu kinachokufa bila kuuma hata hujui ukitibu wapi.

Tulimpeleka hospitali, mimi na Mama Dorika. Daktari alikuwa mzungu kijana mwenye mikono baridi, na dresa wa hospitali, yule wa kufunga vidonda, ndiye aliyetufasiria. Mkojo ulipimwa. Daktari akazima taa, akasogea mpaka pua zao zikakaribia kugusana, akamwangalia ndani ya macho kwa kitaa kidogo. Alikaa sana kwenye jicho la kulia, lile zima. Halafu akazungumza, na dresa akakuna kidevu akitafuta maneno.

“Mzee, daktari anasema utoe mwili.”

“Niutoe niupeleke wapi?” Zakaria akauliza.

Daktari alipofasiriwa alicheka kidogo, halafu akaeleza pole pole, na dresa akajitahidi. Mwili una dawa yake wenyewe ya kuingiza sukari mahali inapotakiwa. Mafuta yakijaa mwilini, hasa ya tumboni, ile dawa inabisha mlango na mlango haufunguki vizuri. Basi sukari inabaki kwenye damu, inazunguka mwaka baada ya mwaka, inachakaza mishipa midogo sana iliyo nyuma ya jicho. Mishipa hiyo ni myembamba kuliko uzi wowote mliowahi kushika. Ikichakaa inavuja damu ndani ya jicho, na kile alichokuwa akipangusa kwenye kanzu kilikuwa ni damu yake mwenyewe. Si wanene peke yao, daktari alisema, hata mwembamba anaweza kupata sukari. Lakini mafuta yanaikaribisha na kuipa kiti.

Kisha akasema lile lililotuleta. Jicho la kushoto lilikuwa limevuja, huenda likasafika kidogo, huenda lisisafike. La kulia bado linaona, lakini ndani yake mishipa imeanza vivyo hivyo. Sukari ikiendelea hivi, nalo litafunga. Kwa hivyo sukari na mafuta viishe mezani, mwili upungue, atembee, na arudi kuangaliwa. Kama chakula kitashindwa, sindano itafuata. Dawa ya jicho lenyewe hakuwa nayo. Siku hizi mna mashine za mwanga zinazoziba mishipa inayovuja, na vijana mnaogopa kwenda. Yeye hakuwa na kitu isipokuwa kitaa na maneno, na maneno yake hayakupendeza.

Zakaria alitoka pale akiwa na hasira. Alisema mzungu anataka kumfanya mtu wa kuonewa huruma. Fundi aliyekonda, nani atamletea kitambaa? Atasemwa ana kifua kikuu, atasemwa amerogwa. Na kweli alikuwa na haki ya kuogopa, mji ulikuwa hivyo.

Lakini aliyeumia zaidi alikuwa Mama Dorika. Alijaribu kupika bila mafuta, na jirani zake wakaanza kumwuliza kama duka la Mhindi limefungwa na fundi hana kazi. Dada ya Zakaria alikuja kutoka Elburgon, akaona sahani ya kaka yake, akasema mbele ya watu kwamba huyu mwanamke sasa anamnyima mume. Mama Dorika akarudisha chapati siku hiyo hiyo. Na Zakaria, hata alipopewa mboga nyumbani, alikuja mjini akaagiza chai ile ile na maandazi hotelini.

Nilikwenda kwa Mama Dorika Jumapili moja, peke yangu. Sikuenda na hekima yoyote, nilikwenda kwa sababu ya woga. Nilimkuta uani akichambua mboga za managu. Nikamwambia kwamba fundi wiki hiyo alitia uzi kwenye sindano kwa kukisia, akanipa mimi nimalizie, na kwamba kabla ya hapo hajawahi kunipa kazi yake nimalizie. Aliendelea kuchambua. Halafu akaniuliza kama najua alimpendea nini Zakaria alipokuwa kijana. Nikasema sijui, Mama.

“Alikuwa ananitazama,” akasema. “Wanaume wengine walikuwa wanatazama ng'ombe za baba yangu.”

Akafunga zile mboga kwenye kanga, akaingia ndani. Sikujua nimesaidia au nimeharibu.

Kesho yake, saa ya chakula, tukamwona anakuja sokoni amebeba sufuria kichwani. Mjue kwamba wakati ule mwanamke aliyeheshimika hakula na mume wake nje, kwenye veranda ya watu, wateja wanapita. Kawaida mke alileta chakula na kurudi nyumbani. Mama Dorika aliweka sufuria chini, akafunua: managu ya kuchemsha, maharagwe, na ugali mdogo wa ngumi. Akaketi sakafuni karibu na cherehani. Akakata tonge, akala. Akakata jingine, akampa mumewe mkononi.

Mwenye duka alichungulia akarudi ndani. Mwanamke mmoja muuza viazi, mwenye mdomo, akasimama akauliza kama nyumba ya fundi imeungua hata wanakula barabarani.

“Nampunguza,” Mama Dorika akamjibu bila kugeuka. “Nataka aendelee kuniona.”

Muuza viazi akajitwika viazi vyake akaenda zake. Zakaria aliinamisha kichwa. Nilidhani ataukataa ule mkono. Akala.

Mama Dorika alikuja kila siku. Mvua ikinyesha alikuja amejifunika gunia. Chai ya hotelini ikaisha kwa sababu mtumishi aliyeileta alimwogopa Mama Dorika. Na mimi upande wangu nilikataa kumbeba Zakaria tena kwa baiskeli. Siku ya kwanza alinitukana kutoka sokoni mpaka Bondeni, yeye akitembea kwa kutweta, mimi nikiikokota baiskeli kando yake. Aliniita mchawi wa ng'ombe. Alisema alinifundisha kushona akasahau kunifundisha adabu. Aliketi juu ya kila jiwe la njiani. Baadaye mawe yakapungua, na matusi pia yakapungua, nikayakosa kidogo.

Kazini tulibadilisha mambo, na haya myashike. Kukata na kupiga pasi tulifanya tumesimama. Kila nguo ikiisha, mtu anainuka na kuipeleka mwenyewe kwenye kamba, hasubiri kuchukuliwa. Macho unayatoa kwenye sindano kila baada ya muda, unatazama mbali. Haya hayatibu sukari, msinielewe vibaya. Lakini kigoda kisiwe kitanda.

Mwili ukaanza kuondoka. Suruali nilizokuwa nimetia vipande nikaanza kuvitoa, halafu nikabana mishono. Maneno yakaanza mjini, kama alivyoogopa. Wateja wengine walisogea kwa fundi wa upande wa pili, mtu mnene, mshonaji mbaya. Hapo Zakaria akafanya kioja ambacho mpaka leo nikikikumbuka naketi chini kwa kicheko. Asubuhi moja alikuja amenenepa. Tumbo limerudi, la duara, chini ya kizibao. Akaketi kwa heshima, akapima wateja, akaringa. Mchana Mama Dorika akaja na sufuria, akamtazama, akaweka sufuria chini polepole. Uso wake ulisawijika, akidhani kazi yake yote imepotea. Akanyoosha mkono akamgusa tumbo. Tumbo likabonyea, halikurudi.

Lilikuwa pamba. Pamba ile tunayotia mabegani mwa makoti, ameishona kwa ndani ya kizibao, safu kwa safu, na bitana juu yake. Kazi safi kabisa, na aliifanya kwa jicho moja.

Mama Dorika alicheka mpaka akashikilia cherehani. Alicheka machozi yakatoka, na baadaye yakawa ni machozi tu. Zakaria akafungua vifungo mwenyewe, akavua kizibao, akampa. “Kashonee mto,” akasema. Tangu hapo alikaa na mwili aliokuwa nao, na aliyemwuliza kama anaumwa alijibiwa kwamba ndiyo, na kwamba anapona.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilirudi. Jicho la kushoto lilisafika kidogo, likaweza kujua mtu amesimama mlangoni au ni koti, basi. Halikutia uzi tena. Hospitali walitaka arudi, naye alichelewa mara nyingi kwa sababu ya woga. Alisema maadamu hajaambiwa, bado ana jicho moja. Nyinyi msifanye hivyo. Mtu mwenye sukari aende kuangaliwa macho wakati anaona vizuri, sio akianza kupangusa nguo. Ugonjwa huu hauumi, hauna fujo, unakaa nyuma ya jicho unafanya kazi yake kama fundi mzuri.

Siku aliyokubali kurudi nilikwenda naye mimi, maana Mama Dorika alikataa. Alisema miguu yake haifiki. Daktari alikuwa yule yule. Alimpima mkojo, akamweka kwenye mizani, akainua nyusi. Akazima taa. Nilimsikia Zakaria akipumua kule gizani, na daktari akipumua. Nilitamani niwe shambani Njoro na wale ng'ombe. Taa ilipowaka dresa alifasiri kwa maneno machache: sukari imeshuka sana, na jicho la kulia liko vile vile, halijazidi. Aendelee hivyo hivyo.

Zakaria akamwomba daktari aangalie tena. Daktari akaangalia tena. Liko vile vile.

Tulirudi kwa miguu. Zakaria hakuketi popote. Bondeni tulimkuta Mama Dorika amesimama mlangoni, mikono imeshika nguzo, amevaa gauni la bluu ambalo sikuwahi kuliona. Hakuuliza. Alitutazama nyuso tu. Mimi nilifungua mdomo niseme, Zakaria akaninyamazisha kwa mkono. Alisimama mbele ya mkewe, akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, pole pole, vile anavyomtazama mteja aliyekuja kujaribu nguo. Akafika chini akasimama hapo.

“Nani alikushonea hili?”

“Nilijishonea mwenyewe,” Mama Dorika akasema. “Kwa mkono. Wewe ulikuwa huwezi.”

“Pindo limeinama upande wa kushoto.”

Mama Dorika akatazama chini kwenye pindo, halafu akamtazama yeye, na nguzo aliyokuwa ameishika akaiachia.

“Limeinama sana?”

“Sana,” Zakaria akasema. “Livue nikunyooshee kabla jua halijazama.”